Kukatwa matiti yote mawili: mwongozo kamili kwa anayekabili uamuzi huu Nairobi

"Toa yote mawili, daktari, tumalizane na hii kitu." Kauli hii husikika sana kwenye kliniki za matiti jijini, na mara nyingi anayeitoa ni mwanamke aliyepata majibu ya biopsi, kipimo cha kipande cha nyama ya titi, siku hiyohiyo. Hofu yake ina haki kabisa. Ila upasuaji wa kuondoa matiti yote mawili una kazi mbili tofauti: kutibu saratani iliyopo, na kuzuia ile ambayo haijaja. Mwanamke mmoja anaweza kuondolewa titi la kushoto kwa kazi ya kwanza na la kulia kwa kazi ya pili. Kwa hiyo swali la kubeba hadi ndani ya chumba cha daktari ni hili: titi la pili linakatwa kwa nini? Ukilipata jibu lake, maamuzi mengine yote hupangika.

Mwongozo huu unafuata safari yenyewe, kuanzia siku neno "upasuaji" linapotajwa hadi miezi baada ya kutoka hospitalini. Hauchukui nafasi ya daktari aliyekuona na kukupima.

Hatua ya 1: Fahamu ni nini hasa kitaondolewa

Upasuaji huu una aina kadhaa, na fomu ya idhini itataja mojawapo. Katika ule wa kawaida, titi lote huondolewa pamoja na chuchu na sehemu ya ngozi, lakini misuli ya kifua hubaki. Saratani ikiwa imefika kwapani, daktari huondoa pia tezi za kwapa la upande huo. Ule wa zamani, uliozoa hadi misuli ya kifua na kumwacha mtu na mbavu zinazoonekana chini ya ngozi, siku hizi hufanywa kwa nadra sana. Nauweka wazi kwa sababu watu wengi bado wana picha ya shangazi au nyanya aliyefanyiwa huo, na picha hiyo inawatia hofu isiyo ya lazima.

Kuna pia upasuaji unaoacha karibu ngozi yote, na mwingine unaoacha hata chuchu, ili titi liundwe upya. Hizi mbili zinamfaa zaidi anayefanyiwa kwa kinga au mwenye uvimbe mdogo ulio mbali na chuchu.

Uliza pia kuhusu kwapa. Tezi zisipoonyesha dalili ya saratani, daktari anaweza kudunga rangi maalumu au dawa yenye mionzi hafifu, akatoa tezi chache tu ambazo zingefikiwa kwanza na saratani, kisha akazipima. Zikiwa safi, nyingine huachwa. Jambo hili lina uzito kwa maisha ya baadaye, maana kadiri tezi nyingi zinavyotolewa ndivyo hatari ya mkono kubaki umevimba inavyopanda. Titi linaloondolewa kwa kinga tu, kwa kawaida halina haja ya kuchimbwa kwapa lote.

Hatua ya 2: Tafuta sababu yako, na uipime

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu kuliko penginepo.

Sababu iliyo wazi zaidi ni saratani kuwepo kwenye matiti yote mawili. Hutokea, ingawa si mara nyingi, na hata hapo si lazima yote mawili yakatwe: kama vimbe ni ndogo, kila titi huamuliwa kivyake.

Sababu ya pili ni jeni za kurithi. Zinazojulikana sana ni BRCA1 na BRCA2. Kila binadamu anazo, mwanamume kwa mwanamke, na kazi yake ni kurekebisha uharibifu ndani ya chembe za mwili. Aliyerithi moja iliyo na hitilafu anabaki na ulinzi hafifu. Kati ya wanawake 100 wenye hitilafu hiyo, zaidi ya 60 hupata saratani ya matiti katika maisha yao. Hatari ya saratani ya ovari nayo hupanda, hasa kwa BRCA1. Zipo jeni nyingine, kama TP53 na PALB2, ambazo hupimwa pamoja na hizo. Kwa wanawake hawa, kuondoa matiti yote mawili kabla ya ugonjwa hupunguza hatari kwa asilimia 90 au zaidi. Haifiki sufuri, kwa kuwa hakuna daktari anayeweza kutoa kila chembe ya titi iliyojificha chini ya ngozi.

Sababu ya tatu ni mionzi ya kifuani iliyopigwa ujanani, kwa mfano kutibu saratani ya tezi ya Hodgkin kabla ya umri wa miaka 30. Hii husahaulika. Kama ulitibiwa ukiwa msichana, mwambie daktari hata asipouliza.

Nyingine ni historia nzito ya familia isiyo na jeni iliyotambuliwa: mama, dada wawili, shangazi, wote wakiwa chini ya miaka 50. Na ipo ile ya umbo, ambapo mwanamke mwenye matiti makubwa anayepoteza moja anapata maumivu ya mgongo na bega kwa kuelemewa upande mmoja. Hii ni sababu halali. Usiione aibu kuitaja.

Sasa turudi kwa yule aliyesema "toa yote mawili". Ana saratani kwenye titi moja, hana jeni ya kurithi, la pili ni zima. Je, kulikata kutamwongezea maisha? Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 na watafiti wa Toronto, wakitumia rekodi za wanawake zaidi ya 100,000 wa Marekani, ulifuatilia hadi miaka 20. Waliobaki na titi la pili, takriban 7 kati ya 100 walipata saratani upande huo. Waliolitoa, ni chini ya 1 kati ya 100. Lakini vifo vilikuwa karibu sawa kwa makundi yote. Maelezo yake si magumu: saratani ya matiti huua inaposafiri kwenda kwenye mifupa, mapafu, ini au ubongo, na iliyokwisha kusafiri kutoka titi la kwanza haizuiwi kwa kukata la pili. Kinachoifuata huko ni dawa.

Kwa mwenye BRCA hesabu hubadilika. Baada ya saratani ya titi moja, hatari ya la pili kuugua ndani ya miaka 20 ni takriban 40 kati ya 100 kwa BRCA1, na 26 kwa BRCA2. Hapo mazungumzo ya kuondoa yote mawili yana msingi tofauti kabisa.

Wengi humtaja Angelina Jolie. Mei 2013 alieleza katika gazeti la New York Times kwamba ameondoa matiti yote mawili. Hakuwa na saratani. Alikuwa na hitilafu ya BRCA1, mama yake alikufa akiwa na miaka 56, na madaktari wake walikadiria hatari yake kuwa asilimia 87. Uamuzi wake ulitokana na kipimo, kwa hiyo kumwiga bila kipimo ni kuiga nusu ya hadithi.

Kuna njia nyingine ambazo unastahili kuelezwa kabla ya kutia sahihi. Uvimbe ukiwa mdogo, kuutoa peke yake na kufuatisha mionzi huleta uhai sawa na kukata titi lote. Tafiti za Marekani na za Milan zilizofuata wanawake kwa miaka 20 zilithibitisha hivyo mwaka 2002. Mwenye jeni ambaye hajaugua anaweza kuchagua uchunguzi wa karibu, yaani MRI (picha ya sumaku) ya matiti kila mwaka kuanzia miaka 25 na mamografia (eksirei ya matiti) kuongezwa kuanzia 30, au dawa ya kuzuia homoni kama tamoxifen. Hapa Nairobi swali la kujiuliza ni kama utaweza kulipia MRI mwaka baada ya mwaka. Kama huwezi, sema hivyo mbele ya daktari. Uchunguzi usiofanyika hauna kinga yoyote.

Na kama saratani tayari imesambaa hadi viungo vingine, kukata matiti si tiba ya kukimbilia. Majaribio hayajaonyesha kwamba huongeza maisha kwa kawaida. Huweza kufanywa ili kuondoa kidonda kinachonuka au kinachovuja damu, na nafuu hiyo si ndogo.

Hatua ya 3: Vipimo kabla ya kisu

Usikubali kukatwa titi kwa sababu ya "uvimbe unaoshukiwa". Lazima kuwe na biopsi, ile ya sindano nene inayotoa kipande cha nyama, na majibu ya maabara yaliyoandikwa. Majibu hayo yaonyeshe vipimo vitatu vya vipokezi, yaani sehemu za chembe ya saratani zinazopokea ishara ya kukua: viwili vya homoni, ER na PR, na kile cha HER2. Hivyo ndivyo huamua kama utaanza na kemo kabla ya upasuaji. Kwa uvimbe mkubwa, au aina isiyo na vipokezi vyote vitatu, ambayo huwapata wanawake wa Kiafrika zaidi kuliko wengine, mara nyingi kemo hutangulia. Aliyekimbizwa thieta kabla ya majibu haya huenda amekosa mpangilio bora wa matibabu.

Titi la pili nalo lipigwe picha kamili. Inashangaza jinsi watu wanavyotaka kulikata titi ambalo hawajawahi kulipima.

Kipimo cha jeni hufanywa kwa damu au mate, na sampuli nyingi za Kenya hutumwa maabara za nje, kwa hiyo majibu huchukua wiki kadhaa. Anayefaa kupimwa zaidi ni aliyeugua, hasa kama aliugua kabla ya miaka 50, ana saratani isiyo na vipokezi vitatu, ana saratani pande zote mbili, au ana ndugu wa damu walioathirika. Hesabu pia upande wa baba: baba anaweza kukurithisha BRCA bila yeye kuumwa hata siku moja, na uwezekano kwa kila mtoto ni nusu kwa nusu.

Jihadhari na jibu moja. Maabara inaweza kuandika kwamba imeona badiliko la jeni ambalo maana yake haijajulikana. Waafrika hupata jibu hili mara nyingi zaidi, kwa sababu kumbukumbu za kulinganishia zimejengwa hasa kwa damu za Wazungu. Jibu hilo halimaanishi una jeni mbaya. Usikatwe titi kwa ajili yake. Omba mshauri wa jeni alisome pamoja nawe.

Je, una muda wa yote haya? Kwa kawaida ndiyo. Wiki chache za kupima na kufikiri hazibadilishi mambo sana. Miezi ndiyo inayoharibu, na Nairobi miezi hupotea kirahisi: kuchangisha, kungoja mganga wa mitishamba, kungoja kikao cha wazee. Anayetaka maombi aombe, huku tarehe ya kliniki ikibaki palepale.

Hatua ya 4: Hospitali na fedha

Hospitali ya Taifa ya Kenyatta kule Upper Hill na hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, karibu na Kahawa, ndizo za umma zinazobeba wagonjwa wengi wa saratani jijini. Za binafsi zipo, Aga Khan ya Parklands na Nairobi Hospital zikiwemo. Jina lililo mlangoni lisikutoshe. Uliza kama kesi yako itajadiliwa na kikao cha madaktari mbalimbali, yaani wa upasuaji, wa kemo, wa mionzi, wa picha na wa maabara, na kama daktari atakayekukata hufanya matiti kila wiki au mara mojamoja.

SHA, bima ya afya ya serikali, ilichukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Hakikisha umejisajili na mchango umelipwa kabla ya kulazwa. Usajili ni kwa *147#. Asiye na mwajiri hutakiwa kulipa mwaka mzima kwa pamoja, kwa hiyo anza kujipanga mapema. Kisha nenda dawati la SHA la hospitali yenyewe na uulize maswali haya, ukiandika majibu:

- Upasuaji huu utatozwa kwenye fungu la upasuaji au la saratani? Fungu la saratani lina kikomo kwa kaya kwa mwaka. Likiliwa na upasuaji, kemo itabaki bila pesa.
- Kikomo cha sasa ni kiasi gani? Viwango vimekuwa vikirekebishwa, usitegemee alichoambiwa jirani mwaka jana.
- Titi la pili, lisilo na saratani, linalipiwa? Na kuundwa upya je?

Bima za kampuni binafsi nazo huweza kukataa upasuaji wa kinga wakidai ni wa hiari. Omba daktari aandike barua yenye sababu ya kitabibu na kuambatisha majibu ya jeni, na upate idhini kwa maandishi kabla ya tarehe. Idhini ya simu haina mwenyewe.

Katika hesabu yako weka pia maabara ya baada ya upasuaji, dawa za nyumbani, pamba na bandeji, teksi za kwenda kliniki, na mtu atakayekaa nawe. Kamati ya WhatsApp ya kuchangisha huwa na ari wiki ya kwanza tu, kwa hiyo wape bajeti nzima tangu mwanzo.

Hatua ya 5: Kifua kitakuwaje baadaye

Una njia tatu, na hakuna iliyo ya watu "wenye kujipenda" zaidi.

Kwanza, kubaki na kifua bapa. Mwambie daktari waziwazi kwamba unataka kishonwe kiwe tambarare vizuri, bila mikunjo ya ngozi iliyoachwa "ikitokea ukabadilisha nia". Upasuaji ni mfupi, kupona ni haraka.

Pili, kuvaa titi bandia ndani ya sidiria. Yapo ya silikoni, mazito kama titi la kweli, na yapo ya kufumwa kwa uzi na kujazwa pamba, ambayo vikundi vya wanawake waliopona hufuma Nairobi na Thika. Ya uzi ni mepesi na hayachomi wakati wa joto. Aliyekatwa yote mawili ana uhuru fulani hapa: halazimiki kulinganisha na upande wa pili, anachagua ukubwa anaoutaka.

Tatu, kuundwa upya kwa silikoni iliyopandikizwa, au kwa nyama ya tumbo au ya mgongo wako mwenyewe. Upasuaji huwa mrefu, mara nyingi si mmoja, na gharama hupanda sana. Kama utahitaji mionzi, uliza kuhusu kusubiri, maana mionzi huongeza matatizo ya silikoni. Hata titi likipendeza, hisia ya ngozi kwa kawaida haitarudi kama zamani. Wauguzi wengi hawalitaji hili, na wenzi wa ndoa hushtuka nalo.

Kuhusu ndoa: sheria ya afya ya mwaka 2017 inampa mtu mzima mwenye akili timamu haki ya kutoa idhini yake mwenyewe. Mume hatii sahihi kwa niaba yako, wala mama mkwe. Kumshirikisha ni busara, na ni vizuri aje kliniki asikie kwa daktari badala ya kukusikia wewe ukieleza huku unalia. Anayetaka bado kuzaa azungumzie hilo mapema: kunyonyesha hakutakuwepo, na kemo huweza kugusa uwezo wa kushika mimba.

Faraja Cancer Support Trust ya hapa Nairobi hutoa ushauri nasaha bila malipo. Nenda kabla ya upasuaji. Kumwona mwanamke aliyepitia, akiwa amevaa vizuri na anacheka, hufanya kazi ambayo karatasi haiwezi.

Hatua ya 6: Wiki ya mwisho na siku yenyewe

Mtajie daktari wa nusukaputi kila unachomeza: aspirini, dawa za kuyeyusha damu, za sukari, na mitishamba yote, hata vidonge vya kitunguu saumu. Baadhi yake huongeza kutoka damu. Anayevuta sigara aache angalau wiki 4 kabla, kwa sababu sigara hunyima ngozi damu na kidonda hufa kingo. Hospitali ikikuomba wachangia damu, waite mapema ingawa upasuaji huu hauhitaji damu mara nyingi.

Mkoba uwe na mashati ya vifungo mbele (soko la Gikomba au la Toi utayapata bila kutoboka mfuko), dera pana linalofunguka mbele, leso mbili, mto mdogo, na daftari. Huwezi kuvaa kitu cha kupitisha kichwani.

Chakula kigumu kinakoma saa 6 kabla ya upasuaji, maji matupu saa 2 kabla, isipokuwa umeambiwa vingine. Daktari akuchore alama kwenye kifua ukiwa macho, na kila upande utajwe kwa sauti: huu una saratani, huu ni wa kinga. Bila kuundwa upya, kazi huchukua takriban saa 2 hadi 4. Utaamka na mirija 2 hadi 4 inayotoka ubavuni kuelekea kwenye vichupa vya plastiki. Wengi hulazwa siku 1 hadi 3.

Baadhi ya hospitali humkabidhi ndugu nyama iliyotolewa aipeleke maabara mwenyewe. Ikiwa ndivyo, ndugu huyo ahakikishe kuna vyombo viwili, vimejaa dawa ya kuhifadhia, na kila kimoja kimeandikwa jina lako na "kulia" au "kushoto". Afike siku hiyohiyo, adai risiti. Kosa hapa halirekebishiki.

Hatua ya 7: Wiki sita za nyumbani

Mirija. Mwaga kilichomo asubuhi na jioni kwa mikono iliyooshwa, pima mililita, andika kila mrija kivyake kwenye daftari. Rangi huanza nyekundu, ikaelekea waridi, kisha manjano. Mrija ukitoa chini ya mililita 30 hivi kwa siku, mara nyingi huondolewa. Huchukua wiki 1 hadi 3. Fundi wa nguo mtaani anaweza kukushonea vijimfuko vya kufunga kiunoni, la sivyo vichupa vitaning'inia na kuvuta ngozi.

Kulala ni chali, mito mitatu mgongoni. Aliyekatwa upande mmoja hujigeuza upande wa pili. Wewe huna upande wa kugeukia, na hili ndilo wengi huniambia liliwachosha kuliko maumivu. Unapoinuka usijisukume kwa mikono. Weka miguu chini, egemea mbele, inuka kwa mapaja. Kama choo chenu ni cha kuchuchumaa, weka stuli au mtu wa karibu siku za mwanzo.

Usibebe kitu kizito kuliko birika la chai hadi daktari akuruhusu, kwa kawaida kama wiki 4 hadi 6. Kwa maisha ya Nairobi maana yake ni hii: hakuna jerikani ya maji ya lita 20, hakuna kufua kwa mikono, hakuna mtoto mgongoni, hakuna kushika chuma cha juu ndani ya matatu. Na hakuna kusonga ugali. Watu hucheka nikisema hivi, lakini ugali wa watu sita hukamata misuli ya kifua yote, msongaji atafutwe. Kwenye gari weka mto mdogo kati ya mkanda na kifua.

Mazoezi huanza mapema, siku ya kwanza au ya pili: kuzungusha mabega, kukunja viwiko, kuvuta pumzi ndefu. Mikono isipite mabega hadi mirija itoke. Baadaye simama mbele ya ukuta, utambaze vidole juu kidogo kidogo kila siku. Anayeogopa na kuufunga mkono ubavuni huishia na bega lililoganda, na mtu wa mionzi atashindwa kumlaza mkono juu.

Ganzi kifuani, mchomo chini ya kwapa, hata kuhisi titi ambalo halipo, ni mambo ya kawaida. Maji yakijikusanya chini ya ngozi baada ya mirija kutoka, rudi kliniki yavutwe kwa sindano; usiyachome mwenyewe. Yasiyo ya kawaida, yanayotaka uende hospitali saa hiyohiyo, hata usiku: upande mmoja kuvimba ghafla na kukaza, chupa kujaa damu mbichi haraka, homa ya nyuzi 38 au zaidi, usaha au kingo za kidonda kuwa nyeusi, mguu mmoja kuvimba na kuuma, au pumzi kukatika.

Kama tezi nyingi za kwapa zilitolewa upande mmoja, waambie wauguzi watumie mkono mwingine kwa sindano. Mkono ukianza kuwa mzito, au pete na bangili kubana, muone mtaalamu wa mazoezi ya viungo mapema, kabla haujawa mgumu.

Hatua ya 8: Majibu, kisha familia

Baada ya wiki 1 au 2 maabara hutoa ripoti ya matiti yote mawili. Isome na daktari: kingo za nyama ni safi? Tezi ngapi zilipimwa, ngapi zina saratani? Kwenye titi la kinga kulijificha chochote? Majibu hayo ndiyo yataamua kemo, mionzi au vidonge vya kuzuia homoni. Kukatwa matiti yote mawili hakufuti haja ya dawa, na hapa ndipo wengi hupotea, wakidhani wamemaliza. Weka nakala zako mwenyewe kwenye faili, kwani faili za hospitali hupotea.

Mamografia ya kawaida haihitajiki tena, ila kifua na makwapa vikaguliwe kwa mikono kila unaporudi kliniki, na wewe nyumbani upapase kovu: kijipele kigumu, wekundu usioisha, au uvimbe juu ya mfupa wa shingo, ripoti. Mwenye BRCA1 aulize pia kuhusu ovari na mirija ya uzazi, ambayo hushauriwa kuondolewa kati ya miaka 35 na 40 akiwa amemaliza kuzaa. Kwa BRCA2, kati ya 40 na 45.

Mwisho ni simu za familia. Kama jeni imepatikana, dada, kaka na watoto wako waliofika utu uzima wanahusika. Wape nakala ya ripoti, kwa sababu maabara ikijua badiliko gani hasa la kutafuta, kipimo chao huwa rahisi na huwa nafuu kuliko chako. Anza na kaka, kwani yeye ndiye atakayesema hayamhusu, na ana mabinti.